Kona ya Fisi-Maji

Hapo kale, mito ilipokuwa na wenyewe, Mamba alitengeneza mtelezo wa matope ukingoni, akawaalika wanyama wote wacheze bure. Mchezo ulikuwa mtamu kweli. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mtelezo uliishia pale alipolala Mamba, na siku akiamka na njaa, mchezaji mmoja hakurudi nyumbani.

Fisi-Maji, fundi asiyejua kutulia, akachimba kona katikati ya mtelezo, ikawa inawatupa wachezaji kwenye maji mafupi, mbali na meno. Hakuomba hata asante. Lakini kila mvua iliponyesha kona ilibomoka, naye akaichimba upya huku Nyani akimgombeza kwa kuchelewa. Mwishowe kucha zikamwisha.

"Jamani," akasema, "anayepita kona yangu aje na perege mmoja."

Nyani akaruka juu. "Jana ndugu yetu, leo mwenye duka! Kitu cha mapenzi hakiuzwi! Mimi napita njia ya Mamba. Yeye ndiye mwenye mchezo, na hajamtoza mtu."

"Bwana Nyani, leo Mamba yu macho."

"Hivyo ni vitisho vya biashara!"

Akajitupa. Alipokwisha kuiacha kona nyuma bila kupinda ndipo alipoyaona meno.

"Fisi-Maji! Nakupa perege wawili! Nakupa watano!"

Fisi-Maji akanyoosha mkono, lakini mtelezo haurudishi mtu nyuma.

Huko chini Mamba alimpokea mgeni wake kwa ukarimu. Hakumtoza hata dagaa.