Mierezi Iliyokauka Imesimama

Naelijwa, mlinzi wa msitu ulio juu ya mji, alipokuta mierezi tisa imekauka ikiwa imesimama, alimfikiria Shemboza tu. Seremala huyo ndiye pekee mwenye kibali cha kuvuna miti iliyokufa, na alikuwa papo hapo, amekaa juu ya gogo.

"Umeitia sumu, Bwana Shemboza?"

"Bandua gome uangalie mwenyewe, dada."

Alichomoa panga, akabandua gome la mti mmoja baada ya mwingine, akitafuta tundu la kutilia sumu au alama ya msumeno. Hakuona kitu. Akafukua mizizi. Udongo uliozoea kulowa ukungu mwaka mzima ukamchuruzika vidoleni kama unga.

"Ukungu ulishuka lini mara ya mwisho?" Shemboza aliuliza taratibu.

Naelijwa hakukumbuka. Laiti angeliona tundu, angekuwa na mtu wa kumkamata.

Bado hakuamini, akapanda peke yake hadi karibu na kilele. Huko, kwenye nyasi ambako zamani baridi haikuruhusu mti wowote, miche ya mierezi ilikuwa imeota, mirefu kama kidole. Hatua chache juu ya miche hiyo mlima uliishia; hapakuwa na pa kupanda tena.