Geuka Ubavu Kidogo

"Usitikisike," mama wa eksirei alisema, na kijana akahisi kokoto likimchoma mgongoni.

Alikuwa amelibandika kwa plasta asubuhi ile chooni, usawa wa figo ya kushoto. Mwenye mawe kwenye figo hawezi kumtolea mwenzake. Alimsikia daktari kwa masikio yake. Dada yao, aliyemlea yeye na kaka zake wawili tangu mama yao alipofariki, alilazwa ghorofa ya juu, mishipa imechoka kwa mashine ya kusafisha damu. Ilitakiwa figo ya ndugu mmoja tu. Kaka mkubwa na kaka wa kati walishapigwa picha, wanasubiri majibu. Hakosekani mmoja kati yao wa kutoa. Yeye, kitinda mimba, aliogopa kisu, basi. Aibu ilimchoma kuliko hilo kokoto, lakini woga haukumtoka.

"Vuta pumzi. Bana." Mashine ikalia. "Haya, pumua."

Mama yule aliitazama picha kwa muda mrefu nyuma ya kioo. Kijana akajipa moyo: ameona jiwe, ataandika jiwe, shughuli imekwisha.

"Sasa geuka ubavu kidogo, mwanangu."

"Tena? Si umeshapiga, mama?"

"Geuka."

Akamkunja goti, akamwekea sponji chini ya kiuno ili asirudi chali. Jasho lilimtiririka kijana hadi kwenye meza ya baridi. Mashine ikalia mara ya pili.

"Jiwe likiwa ndani ya figo, hata ukigeuka linabaki ndani ya figo," mama alisema akirudi. "Lako limetokea nje ya ngozi. Libandue."

Kijana alilibandua.

"Usimwambie dada, nakuomba. Kaka mkubwa atatoa. Yule ana moyo."

"Kaka yako mkubwa alibandika upande wa kulia."

Kijana aliinuka akakaa, miguu ikining'inia. Alitaka kucheka, akashindwa.

"Na kaka wa kati?" Alilibana kokoto kiganjani. "Yule ni kipenzi cha dada. Ndiye aliyembeba dada mgongoni siku alipoanguka. Yule hawezi kudanganya, mama."

Mama wa eksirei alivua glavu polepole, akamtazama kwa huruma.

"Yeye alibandika mawili."