Mpunga Kati ya Reli

Mama Limi alipokunja turubai la mpunga aliouanika kati ya reli, mkono wake uligusa tundu kwenye taruma, gogo linaloshikilia reli. Boliti haikuwepo. Akasogea taruma la pili, la tatu, hadi la saba: matundu matupu, kingo zikiwa bado na grisi mbichi.

Treni siku hizi hupita kwa nadra, ndiyo maana wanawake wa hapo waliigeuza njia yake kuwa uwanja wa kuanikia.

Asubuhi ile mumewe alikuwa amerudi na kiroba cha vyuma.

"Vya nini, Baba Limi?"

"Vya kufulia patasi za moko, tukavunjie mwamba mgodini Geita." Akacheka. "Reli hii imeshakufa, mke wangu. Marehemu anadai viatu?"

"Toa mpunga, we mama!" sasa jirani alipiga kelele. "Treni hiyo!"

Chuma kilitetemeka chini ya kiganja cha Mama Limi kama kifua cha mtoto mwenye homa. Mabehewa yalijaa watu hadi milangoni.

Treni ikisimama, aliwaza, wataulizana nani kafungua boliti.

Akamshusha Limi mgongoni, akamkabidhi jirani, akasimama katikati ya njia akiipunga mbeleko nyekundu.

Dereva alipiga honi. Hakupunguza mwendo.