Zoezi la Binti

Binti alibonyeza kitufe cha zoezi, akaiweka simu kando ya mto wa baba yake, akaketi kusubiri uongo wake ulie.

Mashine yenyewe ilikuwa mbali, chini kabisa ya mgodi uliofungwa zamani. Baba ndiye aliyeijenga ili inase chembe zisizoonekana ambazo nyota kubwa huzitema inapokufa. Chembe hutangulia, mwanga hufuata saa chache baadaye. Anayezinasa huwahi kuwaita wenye darubini. Miaka arobaini mzee alisubiri, nyota zikamgomea. Ili vijana wake wasibweteke akaanzisha zoezi: mtu wa zamu hupandikiza ishara bandia kwa siri, na mashine huchagua yenyewe saa ya kuitoa siku hiyo. Ikitoka, simu zao zote hulia. Leo zamu ilikuwa ya binti.

"Subira yavuta heri, mzee," muuguzi alimtania huku akibadilisha dripu.

"Heri yangu imepotea njia," mzee akajibu, kisha akamgeukia binti. "Hii damu wanayonipima kila siku, mwanangu, chuma chake kilipikwa nyotani. Nyota kubwa inaunguza haidrojeni, inaunguza heliamu, kaboni, hivyo hivyo mpaka kiini kinabaki chuma. Na chuma hakiwaki. Hapo inajiangukia yenyewe, kufumba na kufumbua, halafu inalipuka na kutawanya kila ilichopika. Nilitaka moja tu. Moja!"

Moyo ulimuuma binti. Daktari alikuwa amemwonya asitoke hospitalini leo, kwani huenda baba asifike jioni. Liwalo na liwe, akajiambia, dhambi hii nitaibeba mwenyewe.

Simu ikalia kabla muuguzi hajafika mlangoni.

Mzee alikodoa macho. "Si zoezi?"

"Si zoezi, baba."

Alilia kama mtoto, akamng'ang'ania mkono. "Waambie wageuze darubini! Upesi, mwanga uko njiani."

Binti akatoka chumbani hadi kwenye korido. Mwenzake wa mgodini alikuwa tayari anampigia, akihema.

"Dada, chembe zimemiminika! Niwaite watu wa darubini?"

"Tulia. Ni zoezi langu. Usimsumbue mtu."

"Aa, dada! Umenitoa roho bure." Akacheka, akakata simu.

Binti akarudi chumbani, akamshika tena mkono. "Wameshageuza, baba."

Mzee alitabasamu, akamwachia mkono. Kufikia adhuhuri pumzi zilikuwa zimekwisha, na tabasamu lile lilikuwa bado midomoni.

Binti akamfumba macho. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, lakini ndani kabisa alishukuru kwamba alikuwa amemdanganya vizuri. Nani angemlaumu? Mzee alikuwa ameondoka na nyota yake.

Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Safari hii alikuwa mwenzake wa mgodini, naye hakuwa na kicheko.

"Dada, zoezi lako limeingia sasa hivi, lina jina lako. Ile ya asubuhi ilikuwa nini?"