Hina ya Mjane

Watalii wameadimika Mji Mkongwe, na hina aliyoikoroga Ruqaya ilikuwa inakauka bakulini. Huenda maharusi wa mtaani wakaja, lakini sharti waione kazi yake kwanza.

Akasema bismillahi, akaanza kujipaka mwenyewe kiganjani. Hina ni ya mwenye mume. Tangu afiwe hajajipaka. Ua likatambaa polepole, jani kwa jani, na harufu ikamchukua kama usingizi: marehemu yuko hapo, anamnusa vidole, anacheka.

“Makubwa!” Jirani yake Saadiya kasimama mbele ya baraza. “Bi Ruqaya, umeposwa nasi hatuna habari? Na nani?”

Ruqaya alitaka kufumba kiganja.

“Na njaa, shoga yangu.”

Kisha akaugeuza mkono, akaanza kuupaka upande unaoonekana na watu.