Kamera ya Kukamata Ngumi

Ngumi ilikuja kasi, ikasimama unene wa kidole kutoka puani kwa Hatibu. Mwenye duka akaruka nyuma, akaangusha kopo la misumari.

"Umerukwa na akili, mzee?"

"Hiyo uliyoiona," Bujiku akasema, mkono bado uko hewani. "Nataka kamera itakayoikamata hiyo."

Limi aliona haya kwa ajili ya baba yake. Siku mbili juu ya lori la pamba mpaka Shinyanga mjini, kumbe amekuja kutishia watu wazima dukani kwao.

Hatibu alikuwa nazo mbili. Ya kwanza sanduku jeusi tu. "Hii ni ya anayeanza. Ila mwendo wake mmoja tu, tena wa kinyonga. Bwana harusi aliyesimama wima, sawa. Ngumi? Utapata moshi." Ya pili ikakunjuka kama mvukuto wa mhunzi. "Hii sasa! Chukua sekunde, ikatekate vipande mia mbili na hamsini. Yenyewe inachukua kimoja. Na lenzi yake pana, inameza mwanga."

"Inavuta mbali?"

"Lenzi ya kuvuta mbali huku huipati, mzee wangu. Sogea karibu."

"Mfundishe binti yangu. Macho yangu yameingia ukungu."

Hatibu akamfundisha. Pima hatua sita, zungusha lenzi mpaka namba hii, usiiguse tena. Jua likae mgongoni. "Na ukishaiona ngumi imefika, dada, umechelewa. Bonyeza bega linaporudi nyuma. Nafasi yako ni moja. Mpaka uzungushe filamu, mtu keshaanguka." Akafunga kamera, akatabasamu. "Kwani mchezo gani huo?"

"Ndondi," Bujiku akajibu.

"Aa, mchezo mzuri!"

Limi akatoka nje akatema mate.

Mchezo mzuri huo ndio uliomla Nkwabi, kaka yake. Kule mgodini, upande wa Nyarugusu, msimamizi Mzungu ambaye watu walimwita Nyundo alitaka kila Jumapili mtu wa kupigana naye. Sheria ilikuwa moja. Aliyepiga magoti ameshindwa, haguswi. Kabla ya magoti, hata ukifa, ni mchezo, hakuna kesi.

Nkwabi alipiga magoti. Nyundo akampiga nyingine tatu. Ya kwanza iling'oa meno, ya pili ikapasua jicho, ya tatu ikavunja shingo, na mlio wake ulisikika mpaka kwa wauza togwa. Watu sitini waliona. Bwana mkubwa wa serikali, ambaye hakuwepo, akaandika kwamba marehemu alikuwa amesimama. Ndivyo walivyo wakubwa: macho ya maskini sitini ni vipofu, kalamu ya mmoja wao ndiyo inayoona.

"Ungeniletea picha," bwana mkubwa huyo alimwambia Bujiku huku akicheka, "ningemtia Nyundo kitanzini kwa mkono wangu."

Alisema vile kwa sababu alijua Msukuma hana kamera.

Lori lilipokuwa likirudi, Limi alishindwa kunyamaza.

"Baba, Jumapili nani atapigana?"

"Yupo. Tumepatana."

"Hodari?"

"Hajapigana tangu azaliwe."

"Baba! Si atauawa?"

"Anajua kupiga magoti. Kazi yake ni hiyo tu. Wewe subiri apige magoti, mikono ikiwa chini, ndipo ubonyeze. Kabla ya hapo, hata ukiona damu, tulia."

"Umemwambia yaliyompata Nkwabi?"

"Anayajua kukushinda."

"Ana mke?"

"Hana wa kumzuia."

Limi akamgeuzia mgongo. Kwa mara ya kwanza maishani alimchukia baba yake. Mtu amefiwa na mwanawe, halafu anampeleka mtoto wa mwenzake machinjoni apate kipande cha karatasi! Akaapa moyoni kwamba huyo mtu, yeyote awaye, atamkimbilia kabla hajaingia ulingoni, amwambie arudi kwao.

Jumapili ulingo ulizungukwa na watu kama nzi kwenye kidonda. Limi alipima hatua sita, jua mgongoni. Hakuna aliyemfukuza. Nyundo alipoiona kamera alifurahi, akatunisha kifua, akajipiga makofi mapajani.

"Piga mimi nikipiga!" akapayuka kwa Kiswahili chake cha kuvunja kuni, na mabwana wenzake wakacheka vitini.

Kwanza alipasha mwili moto kwa Maige, mchimbaji wa zamu ya asubuhi. Ngumi ya tumbo, Maige akatapika. Ngumi ya taya, taya likahama upande. Maige akaanguka chali, akajaribu kuinuka, akakanyagwa vidole mpaka vikalia kama kuni kavu. Wenzake wakamburuta kwa miguu, kichwa kikichora mstari mwekundu mchangani. Hakupiga magoti. Limi hakubonyeza.

"Mwingine!" Nyundo akanguruma, damu ya Maige ikimchuruzika kiwikoni.

Wachimbaji wakatazama chini. Limi akawapitia uso mmoja mmoja, akimtafuta huyo asiyejua kupigana, asiye na wa kumzuia. Masele? Hapana, Masele ana watoto wanne. Yule mgeni wa Runzewe? Yule anatetemeka, hakupatana na mtu.

"Baba, yuko wapi?" akanong'ona. "Nionyeshe nimwambie akimbie. Tutapata njia nyingine. Nakuomba, baba."

Bujiku alikuwa anavua shati. Akalikunja vizuri kama marehemu mama yake Limi alivyokuwa akikunja, akalilaza begani kwa binti yake.

"Usifumbe macho, mwanangu," akasema, akainama akapita chini ya kamba.