Mkebe wa Memsahib

Mgeni alibisha mlango wa mbele. Munyiva, mtumishi wa ndani katika nyumba ile ya memsahib wa Kizungu huko Kitisuru, Nairobi, alimwashiria kwa kidole kwamba watu weusi huzungukia nyuma. Kijana akatabasamu, akaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya baraza, akabisha tena.

Jina lake Mwendwa. Alikuwa ametoka Makerere juzijuzi tu na sasa alitumwa na idara ya afya. Wageni waliokula kwa memsahib walikuwa wameugua homa ya matumbo, na mmoja wao alikwisha zikwa. Mwendwa alitaka choo cha kila mtu wa nyumba ile, kikapimwe.

"Choo?" memsahib akasema. Aliishi Kenya miaka mingi, na Kiswahili chake chote alikijenga kwa kutoa amri. "Choo yangu iko kule nje, kwa maua. Choo ya boi iko nyuma ya miti. Wewe nataka gani?"

Mwendwa akaeleza kwa upole kwamba hakutaka kibanda, bali kile kinachoachwa ndani yake, kikatafutwe wadudu wa homa. Kila mtu mkebe wake, na memsahib pia.

Uso wa memsahib ukaiva kama nyanya. Wadudu, alisema, ni mambo ya watu wanaolala chumba kimoja na kuku. Isitoshe, mkosaji alikwisha mjua: mpishi. Mpishi wa kwanza alimfukuza kwa homa hiyohiyo, akamwajiri Dalmas kutoka Nyanza, na homa ikarudi. Basi Dalmas naye angeondoka mwisho wa mwezi. Ungewauliza watumishi, wangekwambia kwamba kila alichopika Dalmas kilitoka jikoni kikifuka moshi, na kwamba krimu ya wageni memsahib aliipiga mwenyewe, maana hakuamini mkono mweusi kwenye chakula kisichopita motoni. Lakini nani awaulize watumishi?

Mwendwa aliwauliza. Jikoni aliwagawia mikebe yenye majina, na walipoinamisha vichwa kwa aibu, akawasimulia habari za muuza vitambaa wa Uholanzi, wa zamani sana, aliyesugua vioo vidogo kwa mikono yake na kuona kwavyo viumbe ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona. Alivitafuta katika maji ya mvua, akavitafuta katika utando wa meno yake, na siku alipoharisha akavitafuta katika choo chake mwenyewe.

"Mzungu huyo?" Dalmas akauliza.

"Mzungu."

"Basi hakuwa na boi."

Wakacheka mpaka Munyiva akafunga mlango ili kicheko kisifike sebuleni. Kisha Mwendwa akawaambia habari za mpishi mmoja wa Marekani aliyeeneza homa hii nyumba hadi nyumba, yeye mwenyewe akiwa hata kichwa hakimuumi. Hapo Dalmas akaacha kucheka. Mke wake na watoto walikaa naye chumba cha nyuma. Katika Nairobi ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, mtu mweusi asiye na kazi hupakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao.

Mwendwa aliuona uso wake. "Dada Munyiva, mikebe nakuachia wewe," akasema. "Niahidi jambo moja tu. Kila mkebe uwe na cha mwenyewe. Ukichanganya, tutamwonea mtu."

"Nimekuahidi, daktari."

Asubuhi yake memsahib alimwita Munyiva chumbani. Alikuwa amevaa glavu, na mkebe ameushika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Mimi hapana fanya mambo ya nyani," akasema. "Wewe toa yako. Weka kwa mkebe yangu. Na wewe hapana sema kwa mtu."

Munyiva akaitika ndiyo memsahib, akaupokea. Mwendwa alipokuja kuchukua mikebe, yote ilikuwa imejazwa.

Alirudi siku ambayo memsahib alialika watu kwa chai, wageni wakiwa wamejaa barazani, na safari hii alifuatana na daktari mkuu, Mzungu. Dalmas alisimama kando ya mlango na birika mkononi. Mwendwa akaeleza walivyopaka choo cha kila mtu kwenye sahani ya kioo yenye uteute mgumu kama jeli, wakavipa vijidudu joto, wakangoja viote kama mbegu. Vijidudu vya homa ya matumbo vilikuwa vimeota kutoka mkebe mmoja tu. Daktari mkuu akakohoa, kisha akasema mkebe huo ulikuwa wa nani.

Memsahib akacheka. Akawaambia wageni, bila haya yoyote, kwamba mkebe ulikuwa wake lakini kilichokuwemo kilikuwa cha mtumishi. Alimwagiza ajaze. Hebu fikirini, akasema, msomi mzima wa chuo kikuu amedanganywa na mtumishi wa ndani. Wageni nao wakacheka, wakamtazama Mwendwa, na Mwendwa akatazama viatu vyake.

Kisha memsahib akamgeukia Munyiva, kwa sauti laini ambayo Munyiva hakuwahi kuisikia. "Wewe hapana ogopa. Sema ni yako. Hospitali mimi nalipa. Kazi iko, nyumba iko."

Munyiva akafungua aproni yake. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sinia, kando ya bakuli la krimu.

"Daktari Mwendwa, nilikuahidi kila mkebe uwe na cha mwenyewe," akasema. "Cha memsahib nilikichota pale ninapokitoa kila asubuhi, kwenye beseni lililo chini ya kitanda chake."